Marufaa ya Sauti

Mwezi wa Rajabu uliopita, dadangu mkubwa aliacha kumsahihisha mjukuu wake. Kwa asiyemjua, hilo ni jambo dogo. Sisi tuliolelewa naye Kibokoni, Mombasa, tulishituka. Kwa zaidi ya miaka 30 aliwasomesha watoto wa mtaa barazani kwetu. Mwanafunzi akikosea herufi ilhali mwalimu yuko jikoni akipepeta mchele, sahihisho lilimfikia kupitia dirishani, na ungo haukusimama. Leo mtoto wa miaka tisa anasoma mbele ya goti lake, anateleza, naye amenyamaza.

Kwa sasa anaishi kwa bintiye Kitengela, kilomita kama 30 kusini ya Nairobi, katika Kaunti ya Kajiado. Presha ya macho imempunguzia nuru, hawezi tena kuutazama msahafu, na kilichobaki ni kusikiliza. Mkwewe, kijana mwenye huruma, alimnunulia spika mbili na amplifaya ndogo. Baada ya Alasiri huwekewa kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary wa Misri, yule ambaye kisomo chake cha msahafu mzima kilianza kusikika katika redio ya Cairo mwaka 1961, na ambaye walimu wengi wa pwani wamekuwa wakimfanya mizani ya wanafunzi wao. Nilipompigia simu kumuuliza sababu ya kimya chake, alinijibu hivi:

"Ndugu yangu, hata Al-Husary siku hizi namsikia akikosea. Nasikia *fa* mahali pa *tha*. Na yeye hakosei. Basi kosa ni la masikio yangu, na mwenye masikio ya kukosea amsahihishe nani?"

Sikuwa na jibu. Juma lile lile bintiye akanipigia kwa jambo jengine. Mumewe alikuwa akifikiria kukopa ili anunue spika kubwa zaidi, kwa kuwa "mama hasikii". Huku nyuma, jirani wa ghorofa ya chini alikuwa amekwisha gonga dari mara mbili kwa mpini wa ufagio, akilalamikia mvumo unaoshuka usiku. Na mtoto mdogo wa nyumba, anayejifunza kutembea, alikuwa amejishika kwenye spika moja, na zote mbili, mtoto na spika, zikalala chini. Alhamdulillahi, spika ndiyo iliyoumia. "Mjomba," akasema, "njoo utuamulie." Nikapanda basi.

Nilichokikuta nitakieleza kwa urefu kidogo, maana nina hakika kipo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu. Sebule ni ya ghorofa ya tatu, sakafu ya vigae vitupu, kuta hazina kitu. Spika zimewekwa chini kabisa, moja katika kila pembe, zikitazama miguu ya makochi. Juu ya kila moja pametandikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kizuri, kilichoteremka mbele hadi kufunika nusu ya uso wake. Dadangu ameketi mbali, katika kiti chake cha kamba alichokuja nacho kutoka Mombasa, na baina yake na sauti kuna kochi zima la watu watatu.

Walimu wetu wa tajwidi walitufundisha kuwa zipo herufi kumi za *hams*, zinazotoka pamoja na pumzi kama mnong'ono: *fa*, *ha* zote mbili… la, nisiwachanganye, kwa ufupi, miongoni mwake mna *fa*, *tha*, *shin*, *sin*, *sad*, *kha*, *kaf* na *ta*. Herufi hizi hazina nguvu ya koo. Nguvu yao imo katika sauti nyembamba za juu, na hizo ndizo sauti ambazo mwanadamu huanza kuzipoteza umri unapokwenda. Mzee husikia kwamba mtu anasema, lakini haoni mpaka baina ya neno na neno. Ndiyo maana ukimpigia kelele mzee hukwambia, "Usinipigie kelele, sema wazi." Kumwongezea sauti ni kumwongezea mvumo tu, na hakukuwa na haja ya kumwongezea zile herufi nzito, hizo alikuwa akizisikia, tena hata jirani wa chini alikuwa akizisikia.

Spika ya kawaida ya nyumbani ina midomo miwili. Ule mkubwa hutoa sauti nene. Ule mdogo wa juu, ambao mafundi huuita twita, hutoa sauti nyembamba. Sauti nene hupinda na kuzunguka vitu kama moshi wa udi. Ukiufukiza chumbani utaukuta ukumbini. Sauti nyembamba ni kama mwanga wa tochi. Huenda ilikoelekezwa, na ikikutana na kochi, mto au kitambaa, hubaki hapo. Kwa hivyo Al-Husary alikuwa akisema *tha* iliyo kamili, na *tha* hiyo ilikuwa ikifia katika miguu ya kochi. Kilichomfikia dadangu ni pumzi isiyo na meno, na pumzi isiyo na meno husikika *fa*.

Niliondoa vitambaa kwanza. Kina mama wasinikasirikie. Najua ni kazi ya mikono na ni pambo. Wavike meza, wavike jokofu, lakini uso wa spika na uachwe wazi. Kisha nikainyanyua spika moja, nikaipandisha juu ya madebe mawili ya mchele, nikaielekeza kwenye sikio lake. Akainua kichwa. Hakusema kitu, ila niliona midomo yake ikianza kumfuata msomaji.

Hapo shauri la mkopo likafa. Hatukuhitaji spika, tulihitaji viweko.

Viwanda vya useremala havikosekani Kitengela. Mji umekua kwa haraka, kila siku kuna nyumba inayohamiwa na kila nyumba inataka kitanda, kwa hivyo kando ya ile barabara iendayo Namanga utaona makochi yasiyovikwa nguo, vitanda vilivyosimamishwa kama milango, na vijana waliojaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Nilimpata fundi mmoja, kijana mpole, ambaye kabla ya kuniuliza bei aliniuliza, "Mzee, hiyo kitu inabeba kilo ngapi, na ni nani anapita karibu nayo?" Nikajua nimefika.

Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu, na nilikuja nalo kutoka pwani. Nilipopita Kilifi kabla ya safari, nilinunua ubao mzuri wa mwembe, mpana, wenye mishipa ya kahawia. Sisi watu wa pwani tunaupenda mwembe. Hutupa samani nzuri kwa bei ya wastani. Fundi aliupiga kwa kifundo cha kidole, akaulamba ncha, akanirudishia. "Bado ina maji." Nikabishana naye. Nilimweleza kuwa umekaa chini ya paa miezi mingi. Akaniambia kuwa hata kama umekauka kwa hewa ya baharini, hewa ya huku ni kavu, na ubao utaendelea kutoa maji yake na kunywea. Ili nisione haya aliuweka katika kona ya kiwanda. Baada ya majuma matatu ulikuwa umepasuka kutoka ncha hadi karibu ya katikati. Msomaji anayehamia bara na samani kutoka Mombasa au Lamu na alijue hili; mlango wa kabati uliokaa sawa Mkomani unaweza kukataa kufunga ukifika nyanda za juu, na si husuda wala jicho.

Tukachagua saiprasi. Si mti wa fahari kama mvule au mbambakofi. Ni mti uliokuja Kenya kutoka nchi za mbali na kupandwa kwa wingi katika misitu ya nyanda za juu, lakini ni mwepesi kufanyiwa kazi, hunyooka, na hupatikana. Bei yake ilipanda baada ya Serikali kusimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mwezi Februari 2018, na hata baada ya tangazo la Julai 2023 la kuondoa marufuku hayo, mafundi bado wanalalamika. Kwa viweko viwili, hata hivyo, hatukuhitaji mbao nyingi, na fundi alikuwa na masalio ya kitanda.

Umbo lenyewe ni sahali. Kuna kitako kipana chini, nguzo moja katikati, na kibao kidogo juu cha kukalia spika. Kitako tulikifanya sentimita 36 kwa 32, kibao cha juu 20 kwa 25, kisizidi sana kitako cha spika yenyewe. Nguzo haikuwa gogo. Fundi alitwaa mbao nne za unene wa sentimita mbili, akazipiga randa, akaziunga kwa gundi zikawa kama bomba la pembe nne, upana wa sentimita 12 kwa nje na 8 kwa ndani. Hakuwa na vibanio vya kutosha, akazifunga kwa mikanda aliyokata kutoka tyubu ya baiskeli, akizungusha na kuvuta hadi gundi ikatoka jasho katika kila mwungo. Zikalala hivyo usiku kucha.

Uwazi ule wa ndani una maana. Kiweko chepesi hutikisika pamoja na spika, na kikitikisika huongeza sauti yake mwenyewe juu ya sauti ya msomaji, kama mtu anayeitikia asipoulizwa. Kwa hivyo nguzo hujazwa mchanga. Na mchanga ndio mali ya Kajiado! Malori huuchota katika mito ya msimu ya kaunti hii na kuupeleka Nairobi kujenga maghorofa, hadi watu wa huko wanalalamika kuwa mito yao inaachwa mifupa mitupu. Sisi tulihitaji ndoo moja. Tuliuosha mara nne maji yakawa safi, tukauanika juani siku mbili, kisha mpwa wangu akaukaanga kidogo kidogo katika karai kuukuu mpaka ukalia kavu. Msiupuuze ukaango huo, maana mchanga wenye unyevu utaoza mbao kutoka ndani. Tukautia katika mifuko myembamba ya nailoni, tukaiteremsha katika nguzo, ikabeba kama kilo tano na nusu kila moja.

Chini tulitaka uzito zaidi kwa ajili ya yule anayejifunza kutembea. Kajiado huchimbwa marumaru, na mafundi wa mawe hubakiwa na vipande visivyotosha meza ya jikoni. Tulipata viwili vya unene wa sentimita mbili, fundi akavizungushia fremu ya mbao ili pembe zake zisikate vidole vya mtoto. Kila kipande kina kilo sita hivi. Ukijumlisha na mbao, kiweko kimoja kimefika karibu kilo 16, na uzito wake mwingi uko chini, karibu na ardhi. Nilimwachia mtoto akivute mbele ya macho yangu. Alikivuta kwa bidii, akachoka, akaketi.

Kuhusu miguu tulibishana tena. Fundi alitaka mitatu. Alinitolea hoja ya mafiga, ambayo ni matatu na sufuria haiyumbi hata ardhi ikiwa na mawe. Hoja yake ni kweli. Mimi nilitaka minne, kwa kuwa kitu cha miguu mitatu kikisukumwa kwenye pembe isiyo na mguu huanguka upesi, na mtoto hachagui pembe. Tuliafikiana kuwa minne, lakini ya mpira, ili mpira wenyewe umeze kasoro za sakafu. Mpira tuliupata kwa mshona akala, yule anayekata tairi kuukuu na kutengeneza viatu wanavyovaa wafugaji wa Kimaasai. Alitukatia vipande vinane vya ukubwa wa biskuti, akakataa malipo.

Kosa la pili, nalo pia ni langu. Kanuni ya urefu ni nyepesi mno. Twita iwe sawa na sikio la msikilizaji akiwa ameketi. Siku ya kupima, dadangu alikuwa amepelekwa kliniki ya macho. Sikungoja. Niliketi mimi kwenye kochi, mpwa wangu akapima kutoka sakafuni hadi sikioni mwangu, ikawa sentimita 101. Twita yetu iko sentimita 24 kutoka kitako cha spika, kwa hivyo kiweko kikawa cha 77. Kikajengwa, kikapigwa msasa, kikapakwa vanishi, kikapandishwa ghorofa ya tatu kwa taabu. Dadangu akaketi katika kiti chake cha kamba, sauti ikapita juu ya kichwa chake kama ndege.

"Mmemjengea nani?" akauliza.

Sikio lake liko sentimita 86 kutoka sakafuni. Kwa umri wangu na kilemba changu, nilijipima mimi nikasahau mwenye haja. Bahati njema, ubao mrefu hukatika, ule mfupi ndio hauongezeki. Fundi aliing'oa mifuko ya mchanga, akakata sentimita 15 kutoka kila nguzo, akaunga upya, ikawa 62. Hakunilipisha ila aliniangalia kwa adabu ambayo ilinitosha.

Kuviweka pia kuna utaratibu wake. Tulivitoa pembeni na kuvisogeza mbele ya ukuta kiasi cha dhiraa moja. Ukuta huongeza sauti nene, na pembe ya kuta mbili huiongeza zaidi, na huko ndiko ulikokuwa ukitoka ule mvumo wa jirani. Tukaacha mita mbili baina ya spika na spika, na karibu kiasi hicho hicho hadi kwenye kiti, kila spika ikigeuzwa kidogo kumtazama yeye. Kochi likahamishiwa ubavuni. Tulitandika zulia juu ya vigae na kuning'iniza pazia zito, kwa kuwa chumba kitupu hurudisha mwangwi, na mwangwi huifuta herufi kabla haijatua.

Jirani wa chini nilimwendea mwenyewe na sahani ya mahamri. Si Mwislamu, na haki ya ujirani haikuuliza hilo. Nilimwomba asikilize usiku huo na anipe ukweli. Asubuhi aliniambia kuwa bado husikia kitu, ila kimekuwa kama mtu anayezungumza chumba cha tatu, na hakimzuii kulala. Mpira na kusogea ukutani hupunguza, haviondoi. Baada ya saa tatu usiku sauti huteremshwa. Nchi pia ina kanuni zake za kelele na mtikisiko tangu mwaka 2009, lakini nadhani mahamri yalifanya kazi kabla ya kanuni.

Gharama sitazificha. Mbao, marumaru, gundi, vanishi na ujira wa fundi, kwa viweko vyote viwili, havikufika shilingi 8,000. Mkopo uliokuwa ukifikiriwa ulikuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Mkwe wetu alikaa kimya kidogo aliposikia hesabu, kisha akaniuliza kama fundi yule hutengeneza pia rafu za vitabu.

Mjomba wetu marehemu, aliyekuwa seremala wa Lamu, alikuwa akichonga marufaa za msahafu kutoka ubao mmoja. Aliupasua ubao kwa patasi hadi karibu ya katikati kutoka kila upande, na pale katikati akachonga meno yanayoshikana, kisha ubao ukafunguka kama mbawa, bila msumari wala gundi. Nilipomsimulia fundi wa Kitengela, hakuniamini. Nilimwonyesha iliyo kwa dadangu, ambayo sasa imekaa kabatini kwa kuwa haina macho ya kuitumikia. Aliifunga na kuifungua mara kadhaa, akaipapasa ndani ya meno yake, akaomba aende nayo siku moja. Alirudi nayo kesho yake na jaribio lake la saiprasi, lililovunjika jino moja.

Masikio ya dadangu hayakurudi kuwa ya msichana, na sikuahidi hivyo. Tuligundua kuwa sikio la kulia limepungua kuliko la kushoto, kwa hivyo kiti kimegeuzwa kidogo, naye amekubali kupelekwa kupimwa usikivu, jambo alilokuwa akilikataa. Kuna herufi anazozikamata na kuna zinazompita, hasa msomaji akienda haraka. Humwambia mjukuu asome taratibu, na akae pale kilipo kiweko cha kushoto.

Jioni ya mwisho kabla sijaondoka nilikuwa jikoni nikimsubiri mpwa wangu anifungie chapati za safari. Sebuleni Al-Husary alikuwa amezimwa na mtoto anasoma peke yake, kwa kasi, akitaka kwenda kucheza. Akafika mahali, akateleza.

"*Tha*," ikatoka sauti ya dadangu. "Toa ulimi. Rudia."

Mtoto akarudia. Mpwa wangu alisimama na chapati mkononi, akanitazama, kisha akaendelea kufunga.

Ule ubao wa mwembe bado uko kiwandani. Fundi anasema nusu isiyopasuka inatosha kuchonga marufaa moja ndogo, ikiwa hatuna haraka nayo.